Yule konda ningempa seksheni

Juzi nimepanda daladala ya Gongo la Mboto kwenda Kariakoo, imejaa mpaka mlangoni, konda ni kijana tu ana kandambili miguuni, anapita anachezesha sarafu mkononi wala haulizi mtu mara mbili. Anajua nani kalipa, nani bado, nani kapandia Ukonga na nani anajifanya kalala. Nikamwambia mjukuu wangu huyu 1979 ningempa seksheni ya askari aiongoze. Akacheka, babu wewe kila kitu vita! Haya, lakini kuhesabu watu ndo kazi niliyofanya kule kwenye vita vya Kagera nikiwa kamanda wa platuni, na ndo kitu ambacho hakuna anaeniuliza. Pale kijiwe cha kahawa wanachotaka ni "afande uliua wangapi", nikisema sijui wanaona nawaficha, wakati ukiona kamanda wa platuni yuko bize kufyatua risasi ujue hapo watu 30 hawana mtu wa kuwaongoza.

Ngoja nieleze kidogo kwa wasiojua. Platuni ni watu 30 na kitu, seksheni 3, kila seksheni na koplo wake, juu yao sajini, na juu ya sajini ni luteni usu ambae mara nyingi umri wake ni wa kuitwa mdogo wangu na huyo sajini. Mimi nilikuwa na miaka 24, nimetoka chuo cha maafisa Monduli juzijuzi, sajini wangu anakaribia 40 na kila akiniita "afande" naona kama ananionea huruma. Karibu nusu ya watu wangu walikuwa mgambo. Amin aliingia Kagera mwisho wa Oktoba 1978, tarehe 1 Novemba akatangaza ardhi yote mpaka mto Kagera ni yake, na jeshi tulilokuwa nalo halikutosha kwa kazi ile, ikabidi mgambo waitwe kutoka mikoa yote. Sisi tulipanda treni hapa Dar mpaka Mwanza, alafu meli mpaka Bukoba. Tumefika ni msimu wa senene. Vijana wangu wa pwani hawataki hata kuwaangalia, eti panzi, baada ya wiki 2 za biskuti kavu wakawa wanagombania sufuria.

Sasa kazi yenyewe. Mchana unahesabu kwa macho, hiyo rahisi. Usiku huoni kitu na huwezi kuwasha hata kiberiti, kwahiyo mnahesabu kwa mdomo, wa mwisho kabisa kule nyuma ananong'ona moja, wa mbele yake mbili, inakuja hivohivo mpaka inanifikia mimi, namba isipofika inayotakiwa hakuna kuondoka. Unahesabu na risasi pia. Magazini ya bunduki ya SMG inabeba 30, bunduki ya SAR inabeba 10 tu, na mgambo mgeni akisikia mlio wa kwanza anazimaliza zote kwenye migomba. Ukimfokea unamharibu kabisa. Unatambaa mpaka alipo, unamshika bega, unamwambia piga 2, tulia, angalia. Na sauti yako jamani, hiyo ndo silaha ya kamanda, ikitoka nyembamba tu watu wote 30 wanajua na wewe umeogopa. Sajini alinifundisha nimeze mate kwanza ndo nitoe amri. Mpaka leo nikitaka kugombana na mtu nameza mate, mke wangu ameshanijua.

Masaka ilianguka tarehe 24 Februari 1979, mwezi uliofuata ndo ikaja Lukaya. Lukaya ni mji mdogo kwenye barabara ya Masaka kwenda Kampala, mbele yake kuna kinamasi kikubwa kimejaa mafunjo na barabara inapita juu ya tuta katikati, yani hauna pa kwenda zaidi ya mbele au nyuma. Tarehe 10 Machi Walibya waliotumwa na Gaddafi kumsaidia Amin wakatushukia na vifaru vya T-55 na yale maroketi ya BM-21 ambayo Waganda walikuwa wanayaita saba saba. Gari moja lina mabomba 40 na linayamwaga yote kwa sekunde kama 20 hivi. Sisi tulikuwa nayo pia na tulishawapiga nayo, ila kuyasikia yanaondoka na kuyasikia yanakuja ni vitu viwili tofauti kabisa. Mengi yalipita juu kwa juu. Haikusaidia, watu walikimbia, na mimi nilikimbia nao, sitawaambia hadithi nyingine, nilichofanya cha maana ni kukimbia nikiwa natazama nani yuko kulia nani yuko kushoto.

Giza limeingia tukajikusanya kwenye shamba la migomba. Asubuhi tulikuwa 31, kuna 3 nilishuhudia kwa macho yangu wamepigwa, na mmoja amebebwa kurudi nyuma na majeruhi wa kombania nyingine. Kwahiyo natakiwa kuwa na 27. Sajini akapitisha namba, ikanifikia 27. Nikamwambia rudia, ikaja 27 tena. Aisee nilifurahi mpaka nikasikia aibu, nikaandika kwenye daftari langu lililolowa, 27, nikamripoti OC, mkuu wa kombania yetu.

Alfajiri kunaanza kupambazuka nikaona sura nisiyoijua. Mgambo mmoja wa watu wazima hivi, ana shanta la mwenzake, alipotea usiku kutoka kikosi kingine akajiunga na sisi, na namba ilipopita kwake na yeye akanong'ona kama wenzake, angefanyaje? Hesabu imetimia vizuri kabisa. Maana yake wa kwangu mmoja hayupo.

Hatukuwa na nafasi ya kutuma watu wakamtafute, siku hiyo ya tarehe 11 ndo tulikuwa tunarudi kuwapiga Walibya, sisi kwa mbele, na brigedi ya 208 ikawazunguka kutokea kaskazini magharibi, na hiyo habari wameieleza wengi. Mimi kichwani nina mtu mmoja tu, kijana wa Kondoa, mkimya, alikuwa anabeba maboksi ya risasi za bunduki kubwa. Tumempata mchana kwenye mafunjo, maji yanamfika kiunoni, mguu umevunjika chini ya goti, amejifunga na mkanda wake mwenyewe. Kakaa humo usiku kucha anasikia Kiarabu juu ya barabara.

Toka siku ile sikuhesabu tena kwa namba, kila mtu alinitajia jina lake hata kama tuko 10 tu, sajini aliona nachelewesha lakini akakubali.

Wakati wanampandisha kwenye lori akanishika mkono akaniuliza, afande, jana usiku mlijua kama sipo?

Nikameza mate. Nikamwambia tulijua, tulikosa tu njia ya kukufuata.

Yuko hai, tunapigiana simu, kila mara ananishukuru kwa hilo jibu.