Maana ya pedigrii: unyayo wa korongo

Juzi, kwenye foleni ya chanjo ya kichaa cha mbwa, kijana mmoja alikuwa amempakata mtoto wa German Shepherd, mnene, masikio bado hayajasimama. Akatuambia kwa fahari, "Huyu ana pedigrii." Mzee aliyekuwa nyuma yake akamuuliza, "Baba yake ni nani, mwanangu?" Kijana akatoa kadi ya chanjo. Ilikuwa na tarehe ya dawa ya minyoo na muhuri wa daktari, basi. Hakuwa akidanganya. Aliyemuuzia ndiye aliyemwambia kwamba hayo ndiyo makaratasi ya mbwa. Ni mara ya nne mwezi huu nasikia neno hili likitumiwa hivyo, na mara zote nne msemaji ni mtu anayetaka kuanza kuzalisha mbwa wa mbegu au kuwapeleka kwenye maonyesho. Yeye hasa ndiye anayelihitaji neno hili likiwa zima.

Pedigrii ni orodha ya wazazi na mababu wa mnyama, iliyoandikwa na kutunzwa na chama chenye kitabu cha mbegu hiyo. Kwa Kiswahili tunaita nasaba.

Waingereza walilipata neno hilo kutoka Kifaransa cha zamani, pé de grue, yaani unyayo wa korongo, ndege wa jamii moja na yule aliye kwenye bendera ya Uganda. Makarani wa karne ya 15 walipoandika koo za wakubwa, waliunganisha jina la mzazi na majina ya watoto kwa mistari inayotoka kwenye ncha moja na kutawanyika, kama vidole vya ndege aliyekanyaga tope. Alama hiyo ikaitwa unyayo wa korongo, kisha jina la alama likawa jina la orodha nzima. Tangu mwanzo, basi, neno halikutaja sura ya mnyama, bei yake wala usafi wa damu yake. Lilitaja mistari ya wino. Waarabu waliona umbo lilelile wakaliita shajara, yaani mti. Na kabla ya karatasi Mabedui walikuwa wakikariri nasaba za farasi wao kwa kichwa, wakizifuata kwa upande wa mama.

Ukiishika karatasi yenyewe utauona unyayo. Kushoto kuna jina la mbwa wako. Mistari miwili inatoka hapo, baba juu, mama chini, na kila mmoja anagawanyika tena. Vizazi vitatu ni majina 14, vizazi vitano ni 62. Mfugaji mzoefu haanzi kwa kutafuta mabingwa. Anatafuta jina lililojirudia. Dume mmoja akitokea kama babu upande wa baba na tena upande wa mama, basi wazazi wa mbwa huyo ni ndugu wa baba mmoja, na ni kwa njia hiyo maradhi yaliyojificha hukutana. Kadi ya chanjo haiwezi kukuonyesha hilo. Umbo la mbwa nalo haliwezi.

Linalonisumbua zaidi ni kuchukulia "mbwa wa kizungu" na "mbwa mwenye nasaba" kuwa kitu kimoja. Chukua Basenji, mbwa wa misitu ya Kongo, yule mwenye mkia uliojikunja na asiyebweka kama wengine. Jina lake ni ndugu wa neno letu washenzi, dharau waliyobandikwa watu wa porini. Mbwa huyo ana kitabu chake Marekani, na kilipokuwa kimefungwa kwa muda mrefu mno, yaani hakipokei mbwa ambaye wazazi wake hawamo, damu ikawa finyu na ugonjwa wa figo ukawaandama. Mwaka 1990 American Kennel Club, chama kinachosajili mbwa huko, ikakifungua na kupokea mbwa wapya 14 waliotoka Zaire, vijijini, ambao wazazi wao hawakuwahi kuandikwa popote. Kwa lugha ya mitaani hao walikuwa mbwa wasio na lolote. Leo majina yao yamo kwenye nasaba za wajukuu wao.

German Shepherd mwenyewe alianza hivyo. Mwaka 1899 Mjerumani Max von Stephanitz alimnunua dume kwenye maonyesho ya Karlsruhe, akampa jina Horand von Grafrath, akamwandika namba 1 kwenye kitabu cha chama kipya. Mbwa wa aina yake walikuwapo wakichunga kondoo muda mrefu kabla ya kitabu hicho.

Kwa anayeelekea kwenye maonyesho: nasaba ndiyo inayokuwezesha kumsajili mbwa, kwa wa Nairobi ni kupitia East Africa Kennel Club, lakini ulingoni jaji hasomi karatasi yako. Anamtazama mbwa mwenyewe, meno, mgongo, mwendo, akimlinganisha na sifa za mbegu zilizoandikwa. Mbwa mwenye majina 62 anaweza kuwa na nyonga mbovu, na hizo utazijua kwa eksirei.

Mzee wa kwenye foleni alilisema vizuri kuliko mimi. Alimkuna mtoto wa mbwa nyuma ya sikio, akasema, "Mbwa wako mzuri, mwanangu. Sema ni wa mbegu ya German Shepherd, nani atakubishia? Ila pedigrii bado hujapewa. Mpigie aliyekuuzia, mwombe majina."

Kijana akauliza aanze na jina gani.

"La bibi yake, mzaa mama."