Ukifuta ya kwanza, hiyo si bakapu

Juzi mama mmoja alinijia dukani na flashi aliyoifunga kwenye pindo la khanga kama mtu anayetunza nauli. Ni katibu wa kikoba, na hesabu za miaka mitatu, nani kaweka hisa ngapi na nani anadaiwa, zote zilikuwa kwenye Excel. Laptopu yake ilikuwa imeingia maji, lakini hakuwa na wasiwasi. "Fundi, mimi nilishabakapu kila kitu humu."

Nikaichomeka. Nyimbo za singeli, mia mbili na ushee. Kijana wake aliikuta kwenye droo, akaifomati, akajazia muziki wa kupiga kwenye sabufa.

"Na zile za kwenye laptopu?"

"Zile si nilifuta? Nilikuwa nimeshabakapu!"

Hiyo "si nilifuta" nimeisikia mara nyingi mno, na sasa naiandikia.

Bakapu, au kwa Kiswahili cha vitabuni nakala rudufu, ni nakala ya ziada ya data yako inayokaa mahali pengine, ili ya kwanza ikipotea, ikiharibika au ikiibiwa, uirejeshe. Basi. Neno linalobeba uzito hapo ni "ya ziada". Mama alikuwa na nakala moja kabla ya kuchomeka flashi, na baada ya kufuta akabaki na moja vilevile. Kilichobadilika ni makazi: hesabu zilitoka kwenye laptopu inayokaa mezani, zikaingia kwenye kidude kinachoweza kupotelea mfukoni mwa suruali na kufuliwa.

Ukitaka kumtafutia mama mtetezi, anza na neno lenyewe. Nakala tumelichukua kwa Waarabu, na naqala yao maana yake ya kwanza ni kukichukua kitu hapa na kukipeleka pale. Nenda Muscat leo, kampuni za usafirishaji zinajiita kwa neno hilohilo, naql. Maana ya kunakili maandishi ilifuata juu yake: unayachukua maneno kutoka karatasi hii unayapeleka karatasi ile. Ila karatasi ya kwanza haifutiki kwa sababu umeinakili. Sisi tulipolipokea neno tulibaki na maana hiyo ya pili, na ya kwanza tukaiachia "hamisha". Kwa hiyo mama alifanya nakala ya Kiarabu cha mizigo. Kwenye kibodi tofauti hiyo ni ya kidole kimoja: Ctrl na C inanakili, Ctrl na X inakata, na herufi hizo mbili zimekaa bega kwa bega. Nani aliamua hivyo!

Rudufu nalo lina mkasa wake. Asili yake ni mzizi wa Kiarabu unaohusu kufuatana, na radif ni yule anayepanda nyuma ya mwenzake kwenye mnyama mmoja. Kwa lugha ya kwetu, abiria wa bodaboda. Picha nzuri, mpaka pikipiki ianguke, maana anayeendesha na aliyebebwa wote wanakwenda chini. Hapo ndipo walipo wale wanaoniambia wamebakapu "kwenye D". C na D kwenye laptopu nyingi ni diski moja iliyogawanywa, kama chumba kilichokatwa kwa pazia. Ikipigwa Windows upya, D inaweza kupona, na hilo ndilo linalowadanganya watu. Diski yenyewe ikianza kugonga tak-tak-tak, hakuna C wala D. Na mwizi akibeba laptopu, habebi nusu.

Neno ninalolipenda mimi ni la tatu, ambalo baadhi ya wafasiri wa programu walilichagua na watu wakalipita kama hawalioni: chelezo. Kamusi zinakwambia chelezo ni boya, kitu kinachoelea, kile kinachoshikilia wavu usizame. Na pembeni yake kuna kitenzi kucheleza, ndugu wa kucha na kuchelewa, yaani kukiweka kitu kilale mpaka asubuhi, kama chakula cha kesho. Asili zao ni mbili tofauti, moja ya kuelea na nyingine ya kupambazuka, lakini zimekutana mahali panapofaa. Chombo kikizama, hiki kinaelea. Usiku ukipita, hiki kipo. Ningekuwa na sauti Bakita ningeomba tuache rudufu tubaki na chelezo, ila najua mteja wangu wa kesho ataingia akisema bakapu, na mimi nitamjibu bakapu.

Kosa la pili ni gumu zaidi kulieleza kwa sababu linafanywa na watu wanaojua kompyuta: kusawazisha. Folda yako imeunganishwa na Google Drive au OneDrive, ukiandika hapa kule nako kunabadilika, na unalala usingizi ukijua una bakapu. Hicho ni kioo. Ukinyoa ndevu, yule wa kwenye kioo naye amenyolewa papo hapo. Mtoto akifuta folda ya picha kwenye simu, inafutika na kwenye kompyuta, na inakaa kwenye tupio la mtandaoni siku 30 kisha inakwenda zake. Kwa laptopu iliyoibiwa, kioo kitakuokoa, sikatai. Kwa kosa la mkono wako mwenyewe, kinakusaidia ukiwahi tu. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipozunguka dunia kikifunga mafaili ya watu na kudai malipo kwa Bitcoin, mafaili yale yaligeuzwa yasisomeke. Programu ya kusawazisha haijui kama mabadiliko umeyafanya wewe au kirusi. Kazi yake ni kuyapeleka.

Kinachoitenganisha bakapu na kioo ni kukumbuka jana. Time Machine, programu ya kompyuta za Mac iliyotoka 2007, inatunza hali ya kila saa kwa saa 24 zilizopita, ya kila siku kwa mwezi mmoja, na ya kila wiki kwa miezi ya nyuma mpaka diski ijae. Windows nayo, tangu toleo la 8, ina kitu cha namna hiyo kinachoitwa File History, ila haijiwashi yenyewe. Unachomeka diski ya nje, yaani eksteno, unaiwasha kwenye Control Panel. Halafu ukimaliza, ichomoe. Eksteno iliyochomekwa mwaka mzima itafungwa na kirusi pamoja na kompyuta yenyewe.

Mpiga picha Mmarekani, Peter Krogh, ndiye aliyeeneza hesabu ya 3-2-1: nakala tatu ukihesabu na ile unayoitumia, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae nje ya nyumba. Kwa mtu wa kawaida hiyo ni laptopu, eksteno kabatini, na akaunti ya mtandaoni, au flashi ya pili kwa dada yako mtaa wa pili. Na siku moja moja fungua faili kutoka kwenye bakapu uone kama linasomeka.

Mama nilimrejeshea baadhi. Programu ya kuokoa mafaili ilichimba chini ya zile singeli ikatoa Excel kadhaa, zote zimepoteza majina, zimebaki namba tu, na tukakaa tunafungua moja moja akitambua kwa majina ya wanakikundi. "Hii ni ya Machi. Hii bado yule hajafariki." Mwaka mmoja na nusu hivi ulirudi.

"Mama, kuchomeka flashi hukukosea kabisa," nilimwambia. "Ila ulihamisha. Siku nyingine ukishaweka kwenye flashi, zile za kwenye kompyuta ziache."

"Kwa hiyo nisifute?"

"Usifute."

Alinunua flashi mbili. Akaomba makapeni, akaandika juu ya zote mbili KIKOBA, kisha kwenye moja akaongeza: SI YA MUZIKI.