Kabla ya kujiunga, uliza utaondokaje

Karibu kila anayeniuliza kuhusu mitandao ya kijamii iliyogatuliwa, yaani inayoendeshwa na seva (kompyuta) nyingi za watu tofauti badala ya kampuni moja, huanza na swali lilelile: nijiunge na seva ipi? Ninasimamia seva ya aina hiyo, na mimi humrudishia swali: siku ukitaka kuhama, utaondoka na nini? Hilo kwangu ndilo la kwanza. Idadi ya herufi, sura ya programu, hata kukosekana kwa matangazo, yote hayo yanaweza kusubiri. Desemba 2022, watu wengi walipokuwa wakiihama Twitter baada ya Elon Musk kuinunua, kampuni hiyo ilizuia kwa muda viungo vinavyoelekeza kwenye Mastodon, mmoja wa mitandao hiyo iliyogatuliwa. Watu walikuwa wanajaribu tu kuwaambia wafuasi wao walikohamia. Mtandao ukiwa wa mwenyewe mmoja, hata kuaga ni kwa idhini yake.

Mastodon, programu iliyoanzishwa na Eugen Rochko nchini Ujerumani mwaka 2016, si tovuti moja. Yeyote mwenye seva na kikoa (jina la anwani ya tovuti) anaweza kuisakinisha, akaandika kanuni zake na kupokea watumiaji wake. Seva hizo huwasiliana kwa itifaki (kanuni za mawasiliano) iitwayo ActivityPub, ambayo W3C, shirika la viwango vya wavuti, liliipitisha Januari 2018. Ndiyo sababu jina la akaunti huwa na sehemu mbili, jina lako na jina la seva, kama anwani ya barua pepe. Ukitaka kumfuata mtu wa seva nyingine, seva yako hupeleka ombi kwa seva yake. Likikubaliwa, kila anachochapisha huletwa kwenye seva yako kikiwa na saini ya kidijitali inayothibitisha kimetoka huko kweli. Programu nyingine zinazojua itifaki hiyo nazo zimo. Ukiwa Mastodon unaweza kufuata akaunti ya picha iliyoko Pixelfed, au chaneli ya video ya PeerTube, mradi unaoendelezwa na chama cha Framasoft cha Ufaransa, bila kujisajili popote tena.

Jambo linalowachanganya wageni kuliko yote ni kwamba seva yako haina mtandao mzima. Ina kile tu ilicholetewa. Chapisho lenye majibu mengi kwenye seva ya mwandishi wake linaweza kuonekana kwako lina majibu mawili. Unatafuta mada unayojua inazungumzwa sana, hupati kitu. Mtu aliyejiunga na seva ndogo hutazama huku na huku, akahitimisha kwamba hapa hakuna watu, akaondoka. Watu wapo, ila hakuna mashine moja inayowakusanya wote mahali pamoja, na hiyo ndiyo gharama ya kutokuwa na mwenyewe mmoja. Naona ni gharama ya haki, lakini mgeni anastahili kuelezwa mapema.

Akishaelezwa, ajue la kufanya. Ukurasa wa nyumbani wa Mastodon hupangwa kwa wakati, la karibuni likiwa juu. Hakuna algorithimu inayokisia unachopenda. Kwa hiyo wafuate watu wengi tangu mwanzo, na ufuate pia alama reli (#) za mada zako. Ukiona chapisho zuri, lisambaze. Kulipenda kunamfurahisha mwandishi, lakini hakuwafikishii wafuasi wako chochote. Kulisambaza ndiko kunakolipeleka kwenye seva ambazo hazijawahi kumsikia mwandishi huyo. Waliotoka kwenye mitandao mikubwa wamezoea kubonyeza moyo na kupita, na huku tabia hiyo inawanyima wengine mengi.

Narudi kwenye kuondoka. Katika Mastodon unafungua akaunti mpya kwenye seva unayohamia, unaieleza kwamba akaunti ya zamani ni yako, kisha unaingia kwenye ile ya zamani na kuamuru uhamisho. Seva ya zamani hutangaza habari hiyo, na wafuasi wako huhamishiwa akaunti mpya bila wao kubonyeza chochote. Orodha ya unaowafuata na ya uliowazuia unazipakua kama faili na kuzipandisha upande wa pili. Machapisho yako hayahami. Unaweza kupakua kumbukumbu yake yote, lakini huwezi kuyaingiza kwenye makao mapya. Watu huvumilia mengi, ila hilo huwauma, nami siwalaumu.

Sasa angalia sharti lililojificha humo: seva ya zamani lazima iwe hai ili itangaze uhamisho. Ikizimika usiku mmoja, wafuasi wako hawana wa kuwaambia ulikoenda. Ndiyo maana nasisitiza watu wamsome msimamizi kabla ya kuusoma mtandao. Mradi wa Mastodon una mkataba wa seva, na seva zinazotaka kuorodheshwa kwenye tovuti yake rasmi hukubali kuwaarifu watumiaji angalau miezi 3 kabla ya kufunga, kuchukua nakala rudufu kila siku, na kuwa na angalau mtu mwingine mmoja anayeweza kuifikia mitambo wakati wa dharura. Sharti hilo la mtu wa pili ndilo ninalolithamini zaidi, kwa sababu seva nyingi huendeshwa na mtu mmoja kwa michango na muda wake wa jioni, na mtu huchoka, huugua.

Kikoa nacho kitazame. Februari 2024 seva ya queer.af ilipoteza kikoa chake baada ya mamlaka ya Taliban kukisimamisha, kwani herufi za mwisho .af ni za Afghanistan. Mwaka 2023 seva ya fmhy.ml, iliyokuwa ikitumia Lemmy, programu nyingine ya ActivityPub, ilipatwa na jambo kama hilo Mali ilipochukua tena usimamizi wa vikoa vya .ml. Mitambo ilikuwa mizima kabisa. Kilichopotea ni jina, na katika ActivityPub jina la seva ni nusu ya utambulisho wako.

Bluesky, mtandao mwingine wa kijamii, ilijengwa na watu waliolifikiria tatizo hilo. Katika itifaki yake, AT Protocol, utambulisho haufungwi kwenye seva, na machapisho yako hukaa katika hazina yenye saini inayoweza kuhamishwa nzimanzima. Ni ubunifu mzuri na nausifu bila kusitasita. Hata hivyo, idadi kubwa ya watumiaji wake bado wako kwenye mitambo ya kampuni yenyewe, na uhuru ambao wengi hawajautumia ni vigumu kuupima. Nostr, itifaki nyingine ya mitandao iliyogatuliwa, imekwenda mbali zaidi: wewe ni ufunguo wako wa siri, basi. Ukiupoteza, hakuna msimamizi wa kumwomba nenosiri jipya.

Watu pia huuliza, kama msimbo wa Mastodon ni huria, yaani yeyote anaweza kuuchukua, nini kinawazuia waovu kuutumia? Hakuna. Gab, mtandao wa kijamii unaojulikana kwa watu wa siasa kali za mrengo wa kulia, ilihamia kwenye msimbo wa Mastodon mwaka 2019. Kilichofuata ni kwamba seva nyingi ziliizuia, zikakataa kupokea chochote kutoka kwake. Leseni inampa kila mtu haki ya kuendesha programu, lakini haimlazimishi mwingine kumsikiliza. Leseni hiyo, AGPL, ina masharti pia. Truth Social, mtandao wa Donald Trump, ilipojitokeza mwaka 2021 ikiwa imejengwa juu ya Mastodon bila kuonyesha msimbo wake, Mastodon iliikumbusha wajibu huo, na baadaye msimbo ukachapishwa.

Kuna jambo moja ninalowaambia watumiaji wote wa seva yangu siku wanapojiunga: ujumbe wa faragha katika Mastodon haujasimbwa kutoka mwisho hadi mwisho. Msimamizi wa seva yako anaweza kuusoma, na msimamizi wa seva ya unayemwandikia pia. Tena ukifuta chapisho, seva yako huziomba nyingine zifute nakala zao. Isiyotii au isiyopatikana wakati huo hubaki nayo. Mambo ya siri yapeleke kwenye programu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, kama Signal.

Kwa hiyo ukipata seva inayokuvutia, fungua ukurasa wake wa maelezo. Soma nani anaisimamia, kama ana msaidizi, fedha zinatoka wapi, na ni seva zipi amezizuia na kwa nini. Kama hakuna jina la msimamizi wala njia ya kumfikia, tafuta nyingine. Ukishajiunga, nenda kwenye mipangilio ujifunze kupakua orodha zako, na uzipakue mara kwa mara, hata kama unapenda ulipo. Na kama seva inapokea michango, changia unachoweza.