Neno "taka" lisidondoke

"Maji haya yametibiwa, hayana shida." Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi hapa Kisumu. Juzi niliyasikia tena kwa mama mmoja aliyekuwa akisuuza sukuma wiki za kupeleka sokoni, kwenye mfereji unaotoka kwenye mabwawa ya kutibu majitaka.

Kutibu majitaka ni kupunguza uchafu wa maji yatokayo vyooni, bafuni, jikoni na viwandani kabla hayajaingia mtoni. Taka ngumu huzuiwa, tope huachwa litulie chini, kisha bakteria hula uchafu uliobaki. Bakteria hao huvuta oksijeni. Uchafu ukifika mtoni mzima mzima, watakula huko huko na kuwamalizia samaki hewa. Ndiyo sababu kanuni za ubora wa maji za Kenya za 2006 zilitaka uchafu uliobaki kwenye maji yanayoachiwa usiwafanye bakteria wavute zaidi ya miligramu 30 za oksijeni kwa kila lita, yakipimwa kwa siku 5.

Shida iko kwenye neno "tibu". Limetoka Kiarabu, ukoo mmoja na tabibu na matibabu, na kwa muda mrefu lilikuwa la wagonjwa. Kisha likahamia kwenye maji, na huku kwetu likahamia mara mbili. Ukitia dawa ya klorini kwenye mtungi, umetibu maji. Mtambo wa Dunga ukivuta maji ya ziwa na kuyapeleka kwenye mabomba ya mji, nao umetibu maji. Mtambo wa Kisat na mabwawa ya Nyalenda yakipokea ya vyooni, neno ni lile lile. Lakini Dunga hutibu kwa ajili ya kinywa cha mtu, na Kisat hutibu kwa ajili ya mto. Hizo ni kazi mbili, na kipimo cha moja hakifai kwa nyingine.

"Safi" nalo linachangia. Kwa Kiarabu lina maana ya kitu kiangavu, kisichochanganyika, na sisi tumerithi mazoea ya kuyahukumu maji kwa macho: yakiangaza, basi ni safi. Kiswahili kina neno lingine ambalo naona tumeliachia misikiti na makanisa, nalo ni kutakata, na kutakasa. Maji yanaweza kuangaza bila kutakata. Mayai ya minyoo hayaonekani kwa macho. Naitrojeni na fosforasi zilizoyeyuka hazionekani pia, na sehemu yake hupita mabwawani zikaenda kulisha gugumaji na mwani kwenye Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria, ambayo maji yake hubadilishana polepole na ziwa kubwa kwa kuwa mlango wake ni mwembamba. Anayelalamikia gugumaji pale Dunga huku akiamini kwamba kila kinachoangaza kimetakata, ameutazama ugonjwa mmoja kwa jicho moja.

Sisemi haya kuwadharau wanaofanya kazi mabwawani. Bila wao, mito ya Kisat na Auji ingekuwa mitaro mitupu. Kazi yao inastahili kuitwa kwa jina lake kamili ili watu waitetee kwa sababu sahihi, na wadai iongezwe pale inapopungua.

Nilipomweleza hayo, mama yule aliniuliza kama basi aache kumwagilia shamba kwa maji ya mfereji ule. Nikamwambia, mama, kumwagilia ni jambo moja na kusuuza ni jingine. Mwagilia chini kwenye shina, maji yasiguse majani, kisha uache siku kadhaa kabla ya kuchuma. Ya kusuuzia chota bombani. Na mteja akikuuliza, usimwambie ni maji yaliyotibiwa. Sema majitaka yaliyotibiwa, neno zima, "taka" isidondoke.