Je, Wajua? Bibi Akisahau, Wajukuu Nao Watasahau?

Bibi yangu wa Machame alitia chumvi kwenye mtori, akaufunika, akatoka kuchukua kuni, akarudi akatia chumvi tena. Mara ya tatu mama akamwondolea kopo mkononi, polepole. Mjomba akatamka neno nililoliamini miaka mingi: "Hii ipo kwenye damu. Tutafuatana mmoja mmoja."

Nikaanza kuhesabu: bibi, mama, halafu mimi. Nilidhani kuna jeni (maelekezo ya kutengeneza protini za mwili, tunayorithi kwa wazazi) ya kusahau, ukiwa nayo umekwisha, ukiikosa umepona. Nilikosea pande zote mbili.

Jeni zinazokaribia kuhukumu namna hiyo zipo kweli. Ni tatu: APP, PSEN1 na PSEN2. Lakini hitilafu zake zinahusika na chini ya asilimia 1 ya wagonjwa wa Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaoleta kusahau, na dalili kwa kawaida huanza kabla ya miaka 65. Bibi alianza kusahau akiwa na themanini na ushee. Hesabu yangu ilikuwa ya aina nyingine ya ugonjwa huo, iliyo adimu.

Jeni inayotajwa sana ni APOE, iliyo kwenye kromosomu (uzi unaobeba jeni) ya 19. Kila mtu ana nakala mbili, ya baba na ya mama, na aina zake kuu ni E2, E3 na E4. Mwaka 1993 watafiti wa Marekani waligundua kwamba E4 inaendana na Alzheimer ya uzeeni. Kwa watu wenye asili ya Ulaya, nakala moja huongeza uwezekano mara tatu hivi, na mbili mara nane hadi kumi na mbili. Hata hivyo wapo wenye E4 wanaofika miaka 90 wakidai madeni yao bila kukosea hata shilingi, na wapo wagonjwa wengi tu wasio na E4 hata moja.

Cha ajabu, kazi ya APOE si kutunza kumbukumbu. Ni mchukuzi wa mafuta.

Fikiria soko la Mbuyuni, Moshi, alfajiri. Mikokoteni inaingiza ndizi na kabichi. Mama wa mezani hasogei, analetewa. Jioni mikokoteni inatoa maganda na majani yaliyooza. Seli za neva ndio hao mama wa mezani. Protini ya APOE ndiyo mkokoteni: huwapelekea kolesteroli, aina ya mafuta, ya kujengea kuta za seli na viungio vyake (mahali seli moja inapopashana habari na nyingine), na husaidia kuondoa taka, hasa vipande vya protini iitwayo amiloidi. Mkokoteni huo umeundwa kwa vipande 299 vya asidi amino, na E3 na E4 zinatofautiana kwa kipande kimoja tu, cha 112. Yaani boliti moja! Gurudumu linazunguka, ila linayumba, na kila jioni maganda machache yanabaki. Kwa wiki moja huoni kitu. Amiloidi huanza kujikusanya miaka 15 au 20 kabla ya dalili.

Mfano wangu una tundu, nakiri. Wapo wazee waliokufa na akili timamu, ubongo ukakutwa umejaa amiloidi. Taka peke yake haitoshi kufunga soko. Tena ubongo wa kila mzee husinyaa kidogo bila ugonjwa: viungio hupungua, ila seli nyingi hubaki.

Na kwetu? Utafiti wa wilaya ya Hai, uliochapishwa 2013, ulikuta karibu watu 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi wana ugonjwa wa kusahau, wa aina zote, si Alzheimer tu. Kuhusu E4, takwimu za Ulaya hazihamishiki hivi hivi: kwa Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, E4 imeonekana kuwa na nguvu ndogo zaidi.

Lililonifurahisha zaidi ni kwamba E4 ndiyo ya kale. Binadamu wa mwanzo walikuwa nayo. E3, iliyoenea leo, ilikuja baadaye. Nikamweleza mjomba. Akafikiri kidogo.

"Kwa hiyo ni ya wazee wetu?"

"Ya wazee wa kila mtu, mjomba."

"Si nilikwambia ipo kwenye damu!"