"Ehe, ilikuwaje?" haimponyi majeruhi wa risasi

Kwetu Unguja kumtazama mgonjwa ni deni. Saa ya kutazama wagonjwa ikifika pale hospitali ya Mnazi Mmoja, kitanda kimoja watu sita, na hotpoti la uji juu ya kikabati. Uzuri mtupu. Balaa ni swali linalofuata salamu: "Ehe, hebu tupe, ilikuwaje?"

Wengi huamini aliyenusurika shambulio la risasi, kama lile la Westgate, Nairobi, mwaka 2013, akisimulizishwa yote mapema moyo hupumua na hofu haimrudii. Sivyo. Hata mtaalamu akimhoji hivyo kwa kikao kimoja, kiwewe hakizuiliki, na wengine huzidi. Shirika la Afya Duniani halishauri njia hiyo.

Kinachofaa ni kukaa naye. Akitaka kusema, sikiliza; akinyamaza, nawe nyamaza. Mlango ukibamizwa akashika chuma cha kitanda kwa nguvu, mwambie taratibu: ni mlango tu, uko wodini, mimi nipo. "Yameshapita, sahau" haisaidii. Simu ya kupiga picha, tafadhali, iache mfukoni.

Na yule mama aliyevuka na boti kutoka Pemba kumuuguza mwanawe, keshakula? Ana pa kulala? Mara nyingi nauli na godoro humfaa kuliko pole ya kumi.

Ndoto mbaya na kushtuka zikipita mwezi, aende Kidongo Chekundu, hospitali yetu ya afya ya akili. Nako si kwa "wendawazimu" tu, jamani. Wanaokosa usingizi pia hutibiwa.