Je, Upanga wa Kwenye Gemu Huyeyushwaje Ukageuka Sarafu?

Mtu anayempelekea sonara wa Lamu bangili aliyoichoka hatoki dukani mikono mitupu. Sonara huiweka kwenye mizani na kuithamini kwa uzito wake, kwa maana hata nakshi zikisagika, madini yamo ndani. Si ajabu kwamba kwa Kiswahili fedha ni madini na fedha ni pesa.

Kijana anayecheza gemu ya simu barazani, nje ya duka hilo, kwa kawaida hana bahati hiyo. Upanga alioununua kwa shilingi zake ni mstari tu katika kompyuta ya kampuni, na akaunti yake ikifungwa, upanga umekwenda nayo.

Gemu za blokucheni zilibuniwa kuziba pengo hilo. Blokucheni ni daftari la hesabu ambalo nakala zake hutunzwa na kompyuta nyingi, hivyo si rahisi mtu mmoja kuufuta mstari wa mwenzake. Kampuni ya Enjin, iliyouza sarafu yake ya kidijitali, ENJ, kwa umma mwaka 2017, iliongeza hila ya kisonara: kifaa cha mchezoni kinapoundwa, kiasi fulani cha ENJ hufungiwa ndani yake. Mwenyewe akikichoka hukiyeyusha, na neno lao ni hilohilo, kifaa kikatoweka na sarafu zikarudi pochini. Kwa kuwa gemu kadhaa hutumia sarafu hiyo moja, ngao iliyoyeyushwa katika gemu hii huweza kulipia farasi katika gemu ile; na watengenezaji wakikubaliana, upanga uleule hutambuliwa kote.

Hapo kwenye kukubaliana ndipo penye kazi. Daftari husema upanga ni wa nani, lakini sura yake na makali yake hutoka kwa gemu, ambayo bado ina wenyewe. Ikifungwa, mchezaji hubaki na sarafu zilizomo ndani, ambazo bei yake hupanda na kushuka kwa papara kuliko ya madini ya sonara.

Wizi nao haukukoma. Machi 2022, mtandao wa blokucheni wa Ronin unaotumiwa na gemu ya Axie Infinity uliibiwa sarafu za zaidi ya dola milioni 500, wala daftari halikuvunjwa: wezi walipata funguo 5 kati ya 9 za kuidhinisha malipo, na malipo yakapita kama halali.